Eropleni Zilipokuwa Macho ya Vita

Mwezi wa Septemba 1914 askari wa Kijerumani walivuka mpaka kwa miguu, wakaingia katika boma la Kisii ambalo maofisa wa Serikali walikuwa wamekwisha kulihama. Tarehe 12 askari wa K.A.R., walioletwa kwa meli hadi Kendu, walipanda vilima wakawashambulia. Walipigana mchana kutwa. Giza lilipoingia Waingereza walirudi nyuma, risasi zikiwa karibu kwisha. Wajerumani nao, waliokwisha kupoteza maofisa wengi, wakafunga mizigo wakaenda zao. Kila upande ulimwachia adui mji bila kujua! Wenyeji wa nchi hiyo, ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, waliingia bomani wakachukua vitu, na baadaye Serikali ikawaadhibu kwa kuwanyang'anya ng'ombe.

Hapakuwa na eropleni ya kuchungulia nyuma ya kilima.

Huko pwani mambo yalikuwa mengine. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliipiga na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Unguja. Kisha ikajificha katika mto Rufiji, nyuma ya mikoko, ambako meli kubwa hazikuweza kuifuata kwa uhaba wa maji. Mwezi wa Novemba eropleni ya kutua majini iliiona.

Eropleni za siku zile zilikuwa mbao na kitambaa tu, na joto la pwani liliyeyusha hata gundi yake. Hata hivyo, mwezi wa Julai 1915 meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, zilizoweza kupita penye maji haba, ziliingia mtoni. Wapiga mizinga hawakumwona adui. Eropleni iliyotoka kisiwa cha Mafia iliwaambia kwa simu ya upepo makombora yameanguka wapi. Tarehe 6 hawakufaulu. Tarehe 11 rubani Cull na mwenzake Arnold walipigwa na mizinga ya Königsberg, injini ikaharibika. Eropleni ikishuka kuelekea majini, Arnold hakuacha kupeleka masahihisho. Ikapinduka mtoni, nao wakaokolewa wote wawili. Siku hiyohiyo Königsberg iliangamia, lakini Wajerumani waliitoa mizinga yake 10 wakaikokota nchi kavu.

Mwaka 1916 kikosi cha 26 cha eropleni, ambacho wengi wake walikuwa watu wa Afrika Kusini, kilianza kuruka kutoka Mbuyuni, karibu na Taveta. Huko msitu uliwaficha Wajerumani vizuri kuliko mto ulivyoificha manowari yao.