Pingili Fupi Katika Maji ya Tanganyika

Hidrila, mmea wa majini, ikistawi ndani ya tangi la lita 40 huwa kichaka kidogo. Pingili zake ni fupi, na kila kifundo kimezungukwa na majani manne hadi manane yaliyosongamana. Isogeze hidrila hiyohiyo kwenye kona yenye giza, nayo itarefuka kama muwa: majani ya chini yatapukutika, ya juu yatatandaa usoni pa maji, na katikati patabaki shina tupu. Mwenye tangi mjini Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, akiona hivyo hudhani mmea umekosa mbolea. Mara nyingi umekosa mwanga.

Mimea haipimi wingi wa mwanga tu, hupima na rangi yake. Jani la juu hunyonya mwanga mwekundu na kuuachia ule mwekundu wa mbali, ambao macho yetu hayauoni vizuri, upite kwenda chini. Shina lililo kivulini hupokea mchanganyiko huo na kutambua kwamba lina jirani, likaanza kurefuka. Mwaka 1952, watafiti wa Beltsville, Marekani, walionyesha kwa mbegu za saladi kwamba mmea unaweza kuwashwa na kuzimwa kwa rangi hizi mbili. Kipokezi chenyewe kikaja kuitwa fitokromu. Ndiyo maana napendekeza mashina yapandwe kwa nafasi, hata kama tangi litaonekana tupu wiki za mwanzo. Taa iwe juu, iwake saa nane hivi kwa siku. Tangi lisiwekwe dirishani, kwa sababu jua la Kalemie hupasha maji moto na kuleta mwani.

Kisha kuna mkasi. Ncha ya shina hutengeneza oksini, homoni inayoteremka na kuyazuia machipukizi ya pembeni yasiamke. Watafiti Kenneth Thimann na Folke Skoog walilieleza jambo hili mwaka 1933 kwa maharage. Kata ncha juu kidogo ya kifundo, na machipukizi mawili au zaidi yataota hapo. Ncha uliyoikata uichomeke mchangani, itatoa mizizi.

Ila mwanga na mkasi havitoshi bila kaboni, na hapa ndipo ziwa letu lina tabia yake. Maji ya juu ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9. Katika maji ya aina hiyo, hewa ya ukaa iliyo huru haifiki hata sehemu moja kati ya mia ya kaboni yote iliyoyeyuka. Karibu yote imegeuka bikaboneti. Tena gesi husambaa majini polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Rotala nyingi, mimea ya majini inayopamba matangi ya Ulaya, hutegemea hewa ya ukaa huru, na wafugaji wa huko huzipulizia kwa mtungi. Hidrila na mmea mwingine wa majini, potamogetoni, ambazo humea ziwani humu humu, hula bikaboneti yenyewe.

Namna zinavyoila inastaajabisha. Upande wa chini wa jani la potamogetoni husukuma nje protoni, ule utando wa maji unaoligusa jani ukawa asidi, bikaboneti ikageuka hewa ya ukaa na kuingia ndani. Upande wa juu hutoa alkali, na chokaa ikaganda hapo. Chukua jani kuukuu, upitishe kidole: juu linakwaruza na kuacha unga mweupe, chini ni laini. Kwa mwenye maji ya ziwa, kununua mtungi wa gesi ili akuze mimea ya kigeni ni kupoteza pesa.

Kuchuma majani ziwani au katika Lukuga, mto unaotoka ziwani, kuna hatari yake. Konokono wanaobeba kichocho hukaa kwenye magugu hayo hayo, wengine wadogo sana, wamejibanza nyuma ya jani pamoja na mayai yao yaliyo kama utomvu. Usiingie majini miguu mitupu. Kagua kila shina, suuza, na usiliingize tangini kabla hujahakikisha halina konokono.

Na ulichopunguza kikaushwe juani, kisitupwe mtoni. Mwaka 1874 mpelelezi Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika mlango wa Lukuga akakuta majani yameuziba, mitumbwi haipiti. Kule Florida, hidrila kutoka Asia iliingizwa miaka ya 1950 kwa ajili ya matangi ya samaki, ikatoroka, na hadi leo inaziba mito na maziwa. Kipande chenye kifundo kimoja kinatosha kuanzisha mmea mpya.

Kwa samaki, ningechagua wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono wa Neothauma. Hawali majani, ila huchimba mchanga mara kwa mara na kuing'oa mizizi, kwa hiyo shina lifungwe kwenye kijiwe kwa uzi mpaka lishike.