Uzito wa maneno (2): "Mshukiwa" wa Ebola

Wiki iliyopita tulisema kwamba neno hubeba maana yake pamoja na kumbukumbu za wanaolisikia. Leo tubaki hapa kwetu mashariki mwa Kongo, Beni na Butembo, wakati wa Ebola.

Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya kuzuka Mangina, karibu na Beni. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Matangazo mengi ya wakati ule yalianzia kwenye Kifaransa cha wataalamu: "cas suspect", "contact" (aliyekutana na mgonjwa), "riposte" (kampeni ya kupambana na ugonjwa). Kwa daktari, "suspect" ni mtu mwenye dalili ambaye majibu yake hayajatoka. Ligeuze liwe "mshukiwa", na polisi wameingia ndani ya habari.

Soma sentensi hizi mbili. "Mshukiwa mmoja amepatikana Katwa na kupelekwa kituoni." "Mtu mmoja wa Katwa mwenye homa amepokelewa hospitalini, anangoja majibu ya vipimo." Habari ni ile ile. Ya kwanza inanuka pingu, na jirani akiisikia atamficha mgonjwa wake chumbani. Ya pili ina kitanda na muuguzi.

"Riposte" nalo ni neno la upanga: pigo la kujibu pigo. Raia wa Beni wamekuwa wakichinjwa tangu Oktoba 2014, na uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa huko na Butembo kwa sababu ya Ebola na usalama. Neno la vita likakuta masikio yenye jeraha. Sisemi kwamba neno ndilo lililochoma vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo Februari 2019. Hasira ile ilikuwa na mizizi mirefu. Ila lugha ya kijeshi haikuituliza.

Yapo pia maneno yaliyochaguliwa vizuri. Timu za maziko zilisema "mazishi salama na yenye heshima". "Salama" linamlinda anayebeba mwili. "Heshima" linamfikia mama aliyekatazwa kumwosha mwanawe. Ukilifuta hilo la pili, tangazo linabaki amri tupu. Na aliyekufa tumwiteje? Ripoti itaandika "maiti", familia itasema "marehemu". "Mzoga" ni wa mnyama. Usimwandikie mtu kamwe.

Ndugu unayeandika matangazo ya redio, ya kanisa au ya kituo cha afya: kabla ya kutoa tangazo, msomee mtu aliyefiwa, kisha umuulize amesikia nini.

Sehemu ya tatu itahusu "waasi", "magaidi" na "wachinjaji".