Jibu la Mama Lisilomfikia Mtoto

Mjamzito akifika kliniki mara ya kwanza hupimwa presha, wingi wa damu, kaswende na VVU, na majibu huandikwa kwenye kadi. Kuhusu pombe, njia ya kawaida ni kuuliza tu, na ndiyo maana miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2016 inataka kila mjamzito aulizwe mapema iwezekanavyo, kisha tena kila anaporudi. Naamini pengo kubwa zaidi la huduma liko hapo, kwenye swali hilo na hasa kwenye hatima ya jibu lake. Likiulizwa kwa kubahatisha, likajibiwa kwa aibu na lisiandikwe popote, mtoto hupoteza ushahidi ambao baadaye ni shida kuupata.

Nauita ushahidi kwa sababu maradhi ya mtoto aliyedhuriwa na pombe akiwa tumboni hujificha. Pombe hupita kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, ambaye ini lake changa haliwezi kuiondoa ipasavyo. Mwaka 1968 Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, aliandika kuhusu watoto 127 wa wazazi walevi. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle wakayapa maradhi hayo jina. Hutambulika kwa sura: macho yenye mwanya mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na kijifereji cha chini ya pua kilichofutika. Lakini alama hizo hutokana na pombe iliyonywewa uso unapoumbwa, wiki za mwanzo kabisa, wakati mama mara nyingi hajajua kuwa ni mjamzito. Ubongo hukua miezi yote tisa. Hivyo wengi wa walioathirika wana sura ya kawaida kabisa, ila wanasahau leo walichofundishwa jana, hawatulii, na hawaoni tendo litawafikisha wapi. Shuleni huitwa watukutu. Bila alama za uso, daktari hana budi kuuliza kama mama alikunywa, na hapo miaka saba imepita. Pengine mtoto analelewa na bibi, na mama hayupo wa kuulizwa. Kadi ya mtoto ina uzito, chanjo na vitamini A. Jibu la mama lingepaswa kuhamia humo, kwa siri ileile inayolinda majibu ya VVU.

Wapo wanaohofia kwamba swali hili litawakimbiza wanawake. Hofu yao ina msingi, maana nchini Marekani watafiti wamehusisha sheria za kuwaadhibu wajawazito wanywaji na mahudhurio hafifu ya kliniki. Lakini kinachokimbiza ni adhabu. Kipimo cha VVU nacho kiliogopwa, kikazoeleka kwa kuwa nyuma yake palikuwa na dawa. Namna ya kuuliza pia ina uzito wake. Kwa wengi Kilimanjaro mbege, pombe ya ndizi, ni chakula, na wapo wanaoamini huongeza maziwa; hivyo ukiuliza “unakunywa pombe?”, mnywaji wa mbege anaweza kujibu hapana bila kudanganya. Kinywaji kiulizwe kwa jina lake. Wala kazi si kubwa kwa muuguzi aliyeelemewa: dodoso fupi la AUDIT, la kupima unywaji wa pombe, lina maswali 3 tu, na lile refu limekwisha jaribiwa kwa Kiswahili kwa majeruhi mjini Moshi.

Pingamizi zito zaidi ni hili: ubongo ulioharibika hauponi, basi jina la maradhi litamsaidia nani? Utafiti wa Ann Streissguth wa 1996 ulionyesha kwamba waliotambuliwa mapema na kulelewa katika nyumba tulivu walipata matatizo machache zaidi ukubwani, yakiwemo ya kufukuzwa shule na kukamatwa na polisi. Na watoto wajao nao hunufaika: huko De Aar, Afrika Kusini, uhamasishaji na huduma kwa wajawazito viliendana na kushuka kwa kiwango cha watoto walioathirika, kutoka asilimia 8.9 hadi 5.7. Ninachokubali ni kwamba swali lisilo na msaada nyuma yake halina haki ya kuulizwa. Mjamzito ambaye mwili wake umekwisha kuitegemea pombe hawezi kuambiwa “acha” na kurudishwa nyumbani. Akiiacha ghafla anaweza kupata degedege. Anahitaji kitanda hospitalini, dawa, na mtu wa kumwangalia hadi mwili utulie.