Mzigo umefika, mbona wadaiwa tena?

Kinyozi mmoja wa pale Ganze aliagiza mashine tatu za kunyolea kutoka China kwa njia ya simu. Bei ya mashine ilikuwa shilingi 7,600, na nauli pamoja na bima 2,400. Alilipa 10,000 akajua yamekwisha. Wiki chache baadaye akaletewa ujumbe: mzigo uko forodhani, lipa 9,200 ndipo utolewe. Akanijia na simu mkononi akiuliza kama huu si utapeli.

Swali lake ni la haki, maana matapeli wa aina hiyo wapo tele. Lakini ujumbe wake ulikuwa wa kweli, na sehemu ya pesa zile alidaiwa kihalali. Tatizo lilikuwa sehemu iliyobaki.

Tuanze na kodi yenyewe. Kenya hutoza ushuru wa forodha kwa viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kuna mafungu manne: sufuri, asilimia 10, asilimia 25, na tangu Julai 2022, asilimia 35. Kompyuta, kwa mfano, iko kwenye sufuri. Bidhaa nyingi zilizokwisha kutengenezwa ziko kwenye 25, na fungu la 35 ni la vitu ambavyo nchi zetu zinadai zinavitengeneza zenyewe, kama fanicha.

Hapa ndipo wengi hukosea: ushuru haupigwi kwa bei ya bidhaa peke yake. Hupigwa kwa bei, bima na nauli mpaka mzigo uingie nchini. Kwa mizigo ya ndege tu ndipo nauli haiingizwi katika hesabu ya ushuru. Kinyozi wetu hakutozwa kwa 7,600, alitozwa kwa 10,000.

Tuseme mashine ziko fungu la 25. Ushuru ni 2,500. Kisha VAT ya asilimia 16, nayo haihesabiwi kwa 10,000 bali kwa 12,500, yaani thamani pamoja na ushuru wake. Kodi juu ya kodi. Hiyo ni 2,000. Inafuata ada ya tamko la uagizaji, IDF, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 2.5, yaani 250. Halafu ada ya maendeleo ya reli, RDL, iliyopandishwa hadi asilimia 2 mwishoni mwa Desemba 2024, yaani 200. (Reli yenyewe inapita Mariakani na haina habari na Ganze, lakini ada twalipa sote.) Jumla ni 4,950. Karibu nusu ya pesa alizotuma.

Angalikuwa ameagiza kompyuta ya thamani hiyohiyo, angedaiwa 2,050 tu. Ndiyo maana ni vyema kujua fungu la bidhaa kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua. Viwango hivi hubadilika, hasa bajeti ikisomwa mwezi wa Juni, kwa hivyo usitumie hesabu ya mwaka juzi. Simu zina mambo yake zaidi: kuna ushuru wa bidhaa juu ya ule wa forodha, na tangu Januari 2025 namba ya IMEI lazima itajwe kwenye hati za kuingiza.

Wengine hudhani kuna msamaha wa kodi. Msamaha huo upo, na ndio uliozua kelele Novemba 2023 pale KRA ilipowakumbusha wasafiri, lakini ni wa abiria na mizigo anayosafiri nayo. Kifurushi kilichotumwa peke yake hakina abiria. Na wale wanaomwomba muuzaji aandike "zawadi" au bei ya uongo, wajue afisa ana haki ya kuikataa bei hiyo na kukadiria yake. Ukishaingia hapo, kumtoa ni kazi.

Sasa turudi kwa 9,200. Kodi ni 4,950. Zile 4,250 zilizobaki ni za nani? Nilimwambia aombe mchanganuo kwa maandishi. Ukaja: ada ya wakala, ada ya kushughulikia hati, na siku kadhaa za kuhifadhi mzigo ghalani. Siku hizo zilipita yeye akiwa hajaambiwa kwamba mzigo umefika. Hapo ndipo pa kugomba, si kwenye kodi.

Kodi ya serikali hutolewa hati yenye namba ya malipo, PRN, na jina la mwenye mzigo au PIN yake. Hailipwi kwa namba ya simu ya mtu. Ukiambiwa "nitumie tu kwa M-Pesa yangu nitakulipia", simama hapo hapo. Vilevile wanaoleta mizigo kwa bei ya kilo, kodi ikiwa ndani, waulize kama utapata hati ya forodha. Mzigo ukikamatwa barabarani bila karatasi, aliyeuleta hatakuwa nawe.

Ukiona kodi yenyewe imekosewa, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, inakupa siku 30 kuandika barua kwa Kamishna ukitaka uamuzi upitiwe upya. Naye ana siku 30 za kujibu, na akinyamaza mpaka zipite, sheria inahesabu kwamba amekukubalia. Usiporidhika na jibu, kuna Mahakama ya Rufaa za Kodi, ndani ya siku 45. Kwa mashine tatu za kunyolea huenda isifae, lakini kwa anayeagiza bidhaa za duka zima la Bamba au Jaribuni, barua hiyo ina maana.

Kinyozi aligombana na wakala siku mbili kwa simu. Ada ya ghala ikaondolewa, kodi akalipa kamili, na hati yake ya PRN ameihifadhi kwenye droo ya wembe. Nauli ya kwenda Kilifi kuuchukua mzigo hakuna aliyemrudishia.