Baridi ya Sydney na marafiki wa zamani

Ukiitaja Australia mbele ya watu wa Afrika Mashariki, wengi hufikiria jua kali, fukwe na kanguru. Lakini nchi hiyo iko kusini mwa dunia, na majira yake ni kinyume cha yale ya Ulaya. Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati watu wa London wanatembea na mashati mepesi, wakazi wa Sydney wamejifunika makoti.

Tulifika Sydney Julai 2023 kuwatembelea marafiki watatu tuliofahamiana nao mkoani Kigoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Siku hizo mkoa huo ulikuwa umepokea wakimbizi wengi kutoka Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita huko Kivu ya Kusini. Kambi ya Mtabila ilikuwa ya Warundi hadi ilipofungwa mwaka 2012. Australia ni moja ya nchi zilizochukua familia kutoka kambi za Tanzania, na ndivyo walivyofika huko marafiki zetu wawili, mmoja mwenyeji wa Uvira na mwingine wa Makamba. Wa tatu ni Mtanzania wa Ujiji. Yeye aliishi Reading, Uingereza, kwa miaka minne kabla ya kuhamia Sydney.

Mgeni wa Sydney kwanza huonyeshwa jengo la Opera lililofunguliwa mwaka 1973 na daraja kubwa la bandarini la mwaka 1932. Marafiki zetu wanaishi mbali na huko. Kama walivyo Waafrika wengi wa jiji hilo, makazi yao yako upande wa magharibi, Blacktown na Mount Druitt, ambako kodi ya nyumba ni nafuu kidogo. Blacktown iko kiasi cha kilomita 35 kutoka katikati ya jiji, na kwa treni kutoka stesheni ya Central ni safari ya zaidi ya nusu saa. Huko magharibi, mbali na bahari, usiku wa Julai una baridi kali kuliko mjini. Asubuhi tulikuta majani yamefunikwa na umande ulioganda.

Baridi yenyewe si kali kama ya Ulaya, lakini inamfuata mtu hadi ndani. Rafiki yetu wa Ujiji anasema Uingereza alikuwa akitetemeka njiani, akifika nyumbani anavua koti, kwa sababu kila chumba kilikuwa na chuma cha kupasha joto ukutani. Nyumba nyingi za zamani za Sydney zilijengwa kwa kufikiria joto la kiangazi. Kuta zake ni nyembamba na madirisha yana kioo kimoja tu. Watu wananunua hita ndogo ya umeme, wanaivuta kutoka chumba hadi chumba, kisha wanaogopa bili.

Kupanga siku ya kukutana kulituchukua karibu wiki tatu. Kigoma ilikuwa kupiga hodi tu, ukikuta watu wanakula unanawa mikono. Sydney mmoja anafanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, mwingine anaamka saa kumi alfajiri kwenda ghalani, na wake zao wana zamu zao pia. Hatimaye ilipatikana Jumamosi moja jioni, nyumbani kwa rafiki yetu wa Makamba, huko Blacktown.

"Ingieni haraka, shemeji zangu, baridi isije ikawafuata," alisema mke wake mlangoni. Mezani kulikuwa na ugali, maharage, samaki na kisamvu, ambacho wao huita sombe. Vyote vilinunuliwa kwenye duka la Waafrika hapo hapo Blacktown. Sisi tulikuwa tumebeba kahawa na khanga tu. Australia ni kali sana kuhusu vyakula vinavyoingizwa nchini. Abiria asiyetangaza alichobeba anaweza kutozwa faini kubwa, hata kufutiwa viza.

Mazungumzo yalikuwa yale ya watu waliopotezana. Nani yuko wapi? Mmoja yuko Norway, mwingine Kanada, mwingine amerudi Burundi na kufungua duka. Nani amefariki? Hapo orodha ilikuwa ndefu kuliko tulivyotegemea. Saa mbili usiku, ambapo Kigoma ni saa saba mchana, tulimpigia simu mama mmoja wa Ujiji aliyekuwa akitukopesha vitumbua. Aliwatambua wote kwa sauti.

Rafiki yetu wa Uvira hakuja. Alituma ujumbe kwamba yuko kazini na kwamba hali ni salama tu. Mwenye nyumba aliupokea hivyo, lakini mkewe hakuridhika. "Kila Jumamosi yuko kazini," alisema, "na kila tukimpigia anajibu akiwa chumbani."

Kesho yake tulikwenda wote Mount Druitt bila kupiga simu. Tulipiga hodi kama zamani. Alifungua mlango akiwa na blanketi mabegani na mkono wa kulia ameushikilia kifuani. Alikuwa ameumia bega mwezi Februari alipokuwa akimwinua mzee kitandani kazini. Kwa miezi mitano alikuwa hafanyi kazi. Akiba ilikuwa imekwisha, hita aliiwasha saa moja tu kwa siku, na fedha za kuwatumia ndugu zake Uvira alikuwa akikopa.

Kwa nini hakusema? "Mimi ndiye ninayewasaidia wengine," alijibu. "Nitaanzaje kuomba?" Kuhusu fidia, alidhani kwamba kwa kuwa ni kibarua asiye na ajira ya kudumu, hana haki yoyote. Tena aliogopa kwamba akidai hataitwa tena kazini.

Sheria ya jimbo la New South Wales inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wanaoumia kazini, na vibarua wamo. Mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba kosa ni la mwajiri. Lakini anatakiwa kutoa taarifa mapema, kupata cheti cha daktari, na kwa kawaida kudai ndani ya miezi sita tangu alipoumia. Mwenzetu alikuwa amebakiwa na wiki chache.

Jumatatu yule wa Ujiji aliomba ruhusa kazini akampeleka kwa daktari. Mambo ya kitaalamu yalitafsiriwa na mkalimani wa Kiswahili kwa simu, kupitia huduma ya serikali ya namba 131 450, ambayo iko wazi saa 24. Madai yalipelekwa wiki hiyo hiyo. Shemeji wa Blacktown alipeleka hita ya pili na sufuria ya maharage, akasema hataki kusikia neno asante.

Baada ya sisi kuondoka, alituandikia kwamba bima imeanza kumlipa sehemu ya mshahara wakati madai yake yakichunguzwa. Bega lilikuwa bado linauma.

Simu za siku hizi zimewarahisishia mambo watu walio ughaibuni. Salamu zinafika kwa sekunde moja, na picha pia. Lakini neno "salama" halina gharama kuliandika, na ujumbe hauonyeshi chumba alimokaa mwandishi. Marafiki hao watatu wanaishi ndani ya mwendo usiozidi nusu saa kwa gari. Kabla ya Julai ile, walikuwa hawajaonana ana kwa ana kwa miezi saba. Sasa wamekubaliana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mmoja wao atembelewe, na atakayesema yuko kazini atapigiwa hodi.