Mashariki mwa DRC: Msimamizi ameondoka, mwenye duka amefariki, lakini RCCM bado ina majina yao

Kuanzia Butembo hadi Bunia, wafanya biashara wengi hutundika karatasi ya RCCM ukutani siku ya kufungua duka, kisha wanaisahau. Miaka inapita. Duka limehamia mtaa mwingine, mshirika mmoja amejitoa, na msimamizi anayesomeka kwenye karatasi anaishi Kampala. Mwenye biashara anaona ni jambo dogo, mpaka siku benki inapokataa sahihi yake.

DRC iliingia OHADA mwaka wa 2012, na tangu hapo biashara zetu zinafuata sheria moja na inchi zingine 16. Sheria hiyo iko wazi: jambo lolote lililoandikwa katika RCCM likibadilika, mwenye biashara ana siku 30 za kulitangaza. Hapo ndani muna anuani, jina la biashara, aina ya kazi, mtaji, msimamizi, na hata kufungua tawi katika mji mwingine.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu badiliko ambalo halijaandikwa ni kama halipo mbele ya watu wa inje. Tuchukue mfano wa kampuni ya SARL iliyomfukuza msimamizi wake bila kupeleka habari hiyo kwenye RCCM. Miezi sita baadaye, mtu huyo anachukua saruji kwa deni kwa jina la kampuni. Muuzaji aliyesoma RCCM na kumwamini anaweza kudai pesa zake kwa kampuni. Washirika hawataweza kujitetea kwa kusema: « tulimfukuza zamani ».

Kifo nacho kinaleta shida. Duka likiwa limeandikishwa kwa jina la baba peke yake, familia ina miezi mitatu tangu siku ya kifo: ama kuomba jina lifutwe, ama kuomba libadilishwe ikiwa inataka kuendelea na kazi. Mjane anayeendelea kuuza kwa jina la marehemu anajiweka hatarini: konti ya benki inaweza kufungwa, bidhaa kukwama Kasindi, na wakwe kuanza kugombania duka.

Hapa kwetu anuani pia haikai mahali pamoja. Mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021, kisha vita, vimehamisha maduka na watu. Barua ya mahakama au ya kodi itaendelea kwenda kwenye anuani ya zamani, hata kama pale pamebaki mawe tu.

La kufanya si gumu. Kampuni inaandika ripoti ya mkutano wa washirika, inasahihisha sheria zake za ndani ikiwa badiliko linazigusa, kisha inapeleka vyote Guichet Unique, ao kwa karani wa mahakama pale ambapo Guichet haijafika. Usiishie hapo: julisha pia DGI, CNSS na benki yako, ili karatasi zote ziseme jambo moja. Na anayefunga duka kabisa asiondoke kimya. Ana mwezi mmoja wa kuomba jina lake lifutwe.

Basi leo jioni, kabla ya kufunga mlango, shusha ile karatasi ukutani na uisome. Je, wewe ndiye anayeandikwa pale?