Nyonga Bandia Inapolegea: Upasuaji wa Marudio (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia pale mgonjwa anaporudi nyumbani kwa magongo, nyonga mpya ikiwa imekaa mahali pake. Wengi hawatafunguliwa tena maishani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba takriban nyonga 58 kati ya 100 hudumu miaka 25. Leo nawaandikia wale ambao nyonga zao hazitafika huko, pamoja na ndugu wanaowauguza.

Upasuaji wa marudio una umri sawa na nyonga bandia ya kisasa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, aliwawekea wagonjwa wake vikombe vya nyonga vya Tefloni. Maumivu yaliisha, watu wakatembea. Baada ya miaka michache maumivu yakarudi, kwani Tefloni ilikuwa ikilika upesi mno na vumbi lake liliuchokoza mwili hadi mfupa ukaharibika. Charnley aliwarudisha chumba cha upasuaji mmoja baada ya mwingine. Alijidunga hata vumbi la Tefloni kwenye paja lake mwenyewe, pamoja na la plastiki nyingine, polietilini, ili aone mwili unavyopokea kila moja. Palipoingia Tefloni paliota uvimbe; polietilini haikuleta madhara ya namna hiyo. Polietilini yenyewe haikumvutia mwanzoni. Fundi wake, Harry Craven, ndiye aliyeendelea kuijaribu kwenye mashine, na Novemba 1962 ikaanza kuwekwa kwa wagonjwa. Dunia humkumbuka Charnley kwa uvumbuzi wake. Mimi namheshimu zaidi kwa sababu hakuwakimbia watu aliowatibu kwa kifaa kilichoshindwa.

Polietilini nayo hulika, ila taratibu. Kadiri mtu anavyotembea, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho hubanduka. Seli za ulinzi huzimeza lakini haziwezi kuzimeng'enya, na kwa kushindwa huko hutoa kemikali zinazoziamsha seli ambazo kazi yake ni kubomoa mfupa. Mfupa unaoshikilia kiungo huanza kumomonyoka, hatimaye kiungo hulegea. Plastiki iliyoimarishwa kwa mionzi, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, imepunguza sana ulikaji huu. Haijaumaliza.

Kinachonitia hofu ni kwamba mmomonyoko huo unaweza kwenda kimya kimya. Mtu analima, anapanda daladala, anaswali bila shida, ilhali picha ya eksirei ingeonyesha mfupa wa paja umeshaingia matundu. Akija kusikia maumivu ya kinena, au ya paja anapoinuka kitini, huenda sehemu kubwa ya mfupa imeshapotea. Na mfupa uliobaki ndio unaoamua ugumu wa upasuaji wa pili.

Katika upasuaji wa kwanza daktari alikuta mfupa kamili. Sasa anakuta makovu, misuli iliyowahi kukatwa, na chuma ambacho pengine bado kimeshikamana na mfupa upande mmoja. Kukitoa bila kuuvunja mfupa ni kazi ya saa nyingi. Wakati mwingine inabidi aupasue mfupa wa paja kwa makusudi, aufungue upande kama mlango, atoe chuma na saruji yote iliyokishikilia, kisha aufunge kwa waya. Pengo lililobaki hujazwa vipande vya mfupa uliotolewa na mtu mwingine, au kikombe cha madini ya tantali yenye vitundu ambamo mfupa mpya huota. Damu hupotea zaidi, na nyonga iliyorudiwa huteguka kwa urahisi kuliko ile ya kwanza.

Maambukizi, sababu nyingine ya kurudia upasuaji, yana njia yake. Bakteria wakishakaa juu ya chuma hujijengea utando ambao dawa haiupenyi vizuri, kwa hiyo vidonge peke yake haviponyi. Yakigunduliwa katika wiki za mwanzo, huenda kusafisha jeraha na kubadilisha sehemu zinazotoka kukatosha. Yakikawia, mara nyingi kiungo chote hutolewa, inawekwa saruji yenye antibaiotiki kushikilia nafasi, mgonjwa anatibiwa kwa wiki kadhaa, ndipo arudi kuwekewa kingine. Hizo ni operesheni mbili kubwa, na kati yake mguu hauna kazi yake ya kawaida. Kidonda kinachovuja maji wiki mbili baada ya upasuaji kisisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni mgonjwa siku hiyo hiyo.

Wakati mwingine kasoro iko kwenye kifaa. Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliziondoa sokoni duniani kote nyonga za ASR, ambamo chuma kilisuguana na chuma, baada ya rejesta za kitaifa za nyonga bandia kuonyesha kwamba zilikuwa zikirudiwa kupita kiasi. Bila rejesta, kila daktari angeona wagonjwa wake wachache tu na kudhani ni bahati mbaya.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Miongoni mwa wanaohitaji nyonga bandia ni vijana wenye selimundu, ugonjwa unaoziba mishipa midogo ya damu hadi kichwa cha mfupa wa paja kinakufa. Kijana wa miaka 25 akiwekewa nyonga leo, ana uwezekano mkubwa wa kuirudia akiwa na nguvu zake. Apigwe eksirei kila baada ya muda atakaopangiwa na daktari, hata kama hasikii maumivu. Pia adai, kabla hajatoka wodini, karatasi yenye jina la kifaa, ukubwa wake na namba yake. Atakayemfungua baada ya miaka 15 huenda akawa daktari mwingine, mji mwingine, naye atahitaji kujua aina ya chuma anachokwenda kukitoa na vifaa gani aagize mapema. Asipojua, anaweza kulazimika kubadilisha kiungo chote mahali ambapo kubadilisha kichwa na plastiki yake kungetosha.

Wiki ijayo: mazoezi, na namna ya kukaa, kulala na kuswali baada ya upasuaji wa marudio.